Mlipuko wa Mkuu

Mimi ni fundi wa mabango. Shule niliishia darasa la nne, lakini herufi zangu zimenyooka kuliko wakubwa wengi. Zamani mke wangu ndiye aliyezikagua kabla rangi haijakauka. Alifia kwenye benchi la hospitali akingoja kutibiwa, wakuu wakiwa kikaoni. Tangu hapo najikagua mwenyewe.

Binti yetu anafundisha chuoni mwanzo wa ulimwengu. Mkuu wa chuo akamwambia somo lake halina watu: atoe mhadhara wa wazi, na ukumbi usipojaa, somo linafutwa. Binti akaniletea kikaratasi: "Mlipuko Mkuu: Ulimwengu Ulianzaje?" Nikaona mtoto kachoka, karuka neno. Nikamsaidia.

Asubuhi bango likapanda getini: MLIPUKO WA MKUU.

"Baba! Hiyo 'wa' umeitoa wapi?"

"Uliisahau, mama. Nimekuwekea bure."

"Sasa inasema mkuu ndiye aliyelipuka!"

"Kwani uongo? Juzi si alimfokea mlinzi mpaka miwani ikamdondoka?"

Alitaka kulia, akacheka, akakumbuka kulia. Kabla sijapata ngazi ya kulishusha, habari zilishazagaa mtaa mzima.

Saa tisa alasiri ukumbi ulifurika, wengine wamekaa madirishani. Madereva, makarani, vinyozi, wote wamekuja kuona mkuu akilipuka. Mwenyewe kaketi mbele, kavimba kama chura.

Binti akaanza, sauti inatetemeka. Akasema hakuna kitu kilichopasuka mahali fulani, kama tairi barabarani. Nafasi yenyewe ndiyo iliyoanza kutanuka, kila mahali kwa pamoja, na mpaka leo inatanuka. Sauti ikakaa sawa. Watu wakasahau kilichowaleta.

Nikanyoosha mkono. "Mwalimu, wakati huo msimamizi alikuwa nani?"

"Hatujui hata kama kulikuwa na wakati, baba. Ila kikao hakikuwepo."

"Ndiyo maana kazi ikaanza!"

Ukumbi ukaangua kicheko. Mkuu akageuka kunikata jicho, mdomo unamcheza. Akatafuta kiti kitupu kwa macho, wapi!

"Somo linaendelea," akasema. "Lakini wewe mzee, hiyo 'wa' ukaifute."

Binti akanishika mkono mbele ya watu wote. "Muhula ujao uje ukae mbele, baba."

Nikamwambia nitakuja. Ila wakuu wakae nyuma, nao waone inavyokuwa kungoja.