Nyumba Iliyozidi Uzuri

Siku Deus alipokuja kijijini Mbingu kukagua nyumba ya mama yake mdogo, alivua kofia ya pikipiki mlangoni, akaitazama sebule, akanyong'onyea kama mtu aliyeletewa habari za msiba.

"Mama mdogo," akasema, "nyumba hii haifai."

Konsolata alidhani amesikia vibaya. Nyumba ile waliianza yeye na marehemu mumewe kwa mpunga na kakao, na mume alipofariki akaimalizia peke yake: vigae sakafuni, dari la jipsamu, makochi rangi ya maziwa, televisheni ukutani, friji kwenye kona.

"Haifai kwa nini? Paroko akija anafikia hapa."

"Paroko hatoki Ulaya kuja kuona umaskini. Hawa wanatoka huko kwa ajili hiyo hiyo."

Deus alikuwa mratibu wa shirika lililoitwa Bonde Hai, lenye ofisi ya chumba kimoja mjini Ifakara, juu ya duka la vipuri vya pikipiki. Kazi yake ilikuwa kupokea vijana wa Kizungu waliokuja kujitolea. Asubuhi waliendeleza jamii, mchana walihifadhi tembo, na jioni walilala kwenye familia za wanakijiji ili, kama alivyopenda kusema, wayaonje maisha halisi. Familia mojawapo ya alizokuwa akizitegemea Mbingu ilikuwa imehamia Ifakara kutafuta maisha mengine, na mgeni mpya alikuwa njiani.

Konsolata angemfukuza, awe mtoto wa dada asiwe. Lakini Deus alikuwa ameongeza neno moja: uzio.

Misimu miwili mfululizo tembo walishuka kutoka milimani wakaingia kwenye mpunga wake. Tembo akiingia shambani hali kama ng'ombe. Anakula kidogo, anakanyaga kingi, anaondoka akiwa hana haraka. Deus aliapa kwamba familia itakayompokea mgeni ndiyo itakayowekewa kwanza uzio wa mizinga ya nyuki, kwa kuwa tembo humwogopa nyuki kuliko anavyoiogopa bunduki.

"Uzio huo nitauona lini?"

"Mgeni akishatulia tu, mama mdogo. Ila kwanza tupunguze hivi vitu."

Wakapunguza. Televisheni ilihamishiwa kwa jirani, mzee Polikarpo, mstaafu wa reli, aliyeipokea kwa moyo mkunjufu kupita kiasi. Makochi yakarundikwa stoo na kufunikwa turubai. Jiko la gesi likaingia uvunguni mwa kitanda, na nje yakapangwa mafiga matatu. Vigae vikatandikwa mikeka. Friji ndiyo iliyowashinda, kwa kuwa ilikuwa nzito na mlango wa stoo mwembamba. Mwishowe Deus akaifunika kitenge kutoka juu hadi chini, akaweka sanamu ya Bikira Maria na mishumaa miwili juu yake.

"Mungu anisamehe," Konsolata alisema, akapiga ishara ya msalaba.

"Ni kwa ajili ya uzio," Deus akamkumbusha.

Mgeni aliitwa Marike. Alikuwa msichana mrefu, mpole, mwenye begi kubwa kuliko mgongo wake, na alikuwa amejifunza salamu kwenye simu. Alimwamkia shikamoo Konsolata, akamwamkia Polikarpo, akawaamkia watoto wa shule waliokuwa wakipita, na watoto wakaitikia marahaba kwa furaha ambayo hawakuisahau. Alipoingia ndani akasimama mbele ya friji, akavua viatu, akainamisha kichwa. Kisha akamnong'oneza Deus jambo.

"Anauliza kwa nini altare inanguruma," Deus akatafsiri.

Konsolata akamtazama mpwa wake kwa jicho la kuua. "Mwambie ni sala za wafu."

Deus akatafsiri, na Marike akaweka mkono kifuani, machozi yakimlengalenga. Tangu siku hiyo kila asubuhi alivua viatu pale kabla ya kwenda kazini.

Kazi yake ilikuwa kupaka rangi. Ukuta wa darasa la pili ulikwisha kuchorwa twiga na kundi la kwanza la wageni, na kundi la pili likachora mikono ya rangi mbalimbali inayoshikana. Marike na wenzake walioishi nyumba nyingine za kijiji wakafuta mikono, wakachora tembo anayetabasamu. Ndani ya darasa watoto walikaa sakafuni kama walivyokaa enzi za twiga. Mchana wageni waliwakusanya wakulima chini ya bati la ofisi ya kijiji, wakawafundisha namna ya kuishi na tembo. Wakulima, ambao walikuwa wameishi na tembo tangu wazaliwe, walisikiliza kwa heshima kwa sababu mvua ilikuwa inanyesha na hapakuwa na pengine pa kujikinga.

Nyumbani Konsolata aliumia. Alikuwa amesahau moshi wa kuni za masika. Macho yalimwasha, mgongo ulimkatika kwa kuinamia mafiga, na jioni ilimbidi ale ugali na mlenda kila siku kwa sababu Deus alimkataza kununua nyama. Upande wa pili wa ukuta alimsikia Polikarpo akishangilia mpira kwenye televisheni yake, akiwa amealika nusu ya kijiji. Marike alimpiga picha akipuliza moto, machozi yakimtiririka, kisha akaandika maneno chini ya picha na kuirusha kwao.

"Amesema nini?" Konsolata alimuuliza Deus.

"Amekusifu."

"Deus. Amesema nini?"

Deus akakohoa. "Amesema, huyu mama hana kitu, lakini analia kwa furaha ya kuishi."

Konsolata akaendelea kupuliza moto, kwa nguvu zaidi.

Tembo walikuja alfajiri moja, mpunga ukiwa umeanza kutoa mashuke. Walikuwa majike matatu na mtoto mmoja. Kengele ya misa ilikuwa bado haijalia pale sauti ya debe iliposikika upande wa mashamba, na watu wakatoka na masufuria, mabati, tochi na makelele. Konsolata alikimbia na kanga kiunoni. Alipofika, alimkuta Marike ametangulia, amesimama juu ya tuta akiwa amenyoosha mikono, analia. Hakuwa akiwazuia tembo. Alikuwa akiwazuia watu.

"Pole pole! Tafadhali, pole pole!" alipiga kelele kwa Kiswahili chake, kisha akamgeukia Deus, aliyekuwa amelala kijijini usiku ule, na kumwaga Kiingereza.

"Anasema msiwatishe. Yule mdogo atapata mshtuko."

Hakuna aliyetaka kumpiga mgeni kikumbo mbele ya tembo, kwa hiyo debe zikanyamaza, watu wakatazamana. Tembo nao walistaajabu kwa ukimya ule mzuri, wakaendelea kula. Walikula mpaka jua likachomoza. Walipoondoka, kipande chote cha Konsolata cha upande wa mto kilikuwa kimelala kwenye matope kama mkeka uliofuliwa.

Konsolata aliokota shuke moja, akalipukuta, akamwendea Deus.

"Uzio uko wapi?"

"Uko kwenye mchakato, mama mdogo. Hatua ya kwanza ni elimu."

Marike alikuja akamshika Konsolata bega kwa huruma ya kweli. Alisema, na Deus akatafsiri, kwamba anasikitika sana kwa mpunga, lakini tembo walipita njia hii kabla ya watu, na ni sisi tuliowaingilia.

"Muulize, kwao walikuwa na wanyama gani zamani?"

Deus akauliza. "Dubu. Na mbwa mwitu."

"Wako wapi sasa?"

"Anasema waliisha."

"Muulize nani aliwamaliza."

"Mama mdogo, hilo swali siliulizi."

"Basi mwambie aende akachore."

Marike akaenda akachora. Konsolata akarudi nyumbani, akakaa kwenye mkeka na miguu yenye matope, akatazama ukuta mtupu ilipokuwa televisheni. Halafu akainuka. Alikwenda kwa Polikarpo, akaikuta televisheni imewashwa na mzee amejilaza mbele yake.

"Kaka Poli, naomba kitu changu."

"Sasa hivi? Kuna marudio ya mechi."

"Yarudie marudio kwangu."

Saa saba mchana Marike alirudi na rangi ya kijivu kwenye nywele. Mlangoni akasimama kama aliyekosea nyumba. Mikeka haikuwepo, sakafu ilikuwa inang'aa. Makochi yalikuwa yamerudi mahali pake. Jikoni kuku alikuwa anaungwa kwa nazi juu ya gesi. Bikira Maria alikuwa amewekwa kwa heshima juu ya kabati, na kitenge kilichofunika altare Konsolata alikuwa amekivaa. Yeye mwenyewe alikaa kochini na Polikarpo na Deus, huyu wa mwisho akiwa ameitwa kwa simu na kuamriwa aketi.

"Karibu, mwanangu," Konsolata akasema. Akafungua friji, akamtolea soda.

Ilikuwa soda ya baridi kabisa, chupa inatoka jasho. Kwa majuma Marike alikuwa akinywa maji ya moto yenye ladha ya moshi. Aliipiga soda ile yote bila kuvuta pumzi. Kisha akakaa chini sakafuni, akalia.

"Anasema umemdanganya," Deus alitafsiri, akiangalia kucha zake. "Anasema alikuja kwa sababu ya watu wasio na kitu, na marafiki zake wote wamekwisha kukuonea huruma."

"Mwambie sikumwomba huruma. Nilimpokea kwa sababu ya uzio. Haya, tafsiri, na ukiruka neno nitajua."

Deus akatafsiri. Marike akafuta machozi, akakunja uso.

"Uzio?" alisema kwa Kiswahili. "Uzio upo."

Akatoa simu, akawaonyesha ukurasa wa Bonde Hai. Palikuwa na picha ya mizinga ya nyuki imening'inizwa kwenye waya kando ya shamba, na maelezo kwamba uzio wa Mbingu umekamilika na tembo na wakulima sasa wanaishi kwa amani. Marike akasema kwamba tangu afike amekuwa akijiuliza uko upande gani wa kijiji, ila aliona aibu kuuliza.

Polikarpo akavaa miwani, akaisogelea simu. "Hii milima si ya kwetu," akasema. "Huku kwetu hakuna mlima wenye theluji."

Wote watatu wakamgeukia Deus. Deus akasema kwamba picha ile ilikuwa ya mfano tu. Akasema wafadhili hupenda kuona mwisho kabla ya mwanzo. Akasema mengine pia, lakini Konsolata alikuwa ameinuka kwenda kumpakulia mgeni chakula, kwa kuwa hasira ni hasira na mgeni ni mgeni.

Kwa siku mbili Marike alikuwa upande wa Konsolata, kwa moyo wote. Alisema ataandika ukweli kwao. Alikula kuku, akalala chini ya feni. Siku ya tatu aliomba, kwa adabu, ahamishiwe familia nyingine, mahali ambapo barabara haifiki na watu hawajaharibika. Mtu akamtajia kijiji cha Masagati, mbele ya Mlimba. Konsolata alimfungia maandazi ya njiani, akambusu mashavu yote mawili, akamwombea safari njema. Ukweli, kama aliuandika, haukufika Mbingu.

Deus hakusamehewa kirahisi namna hiyo. Konsolata alimweka mbele ya wajomba, na wajomba wakaamua kwamba kama uzio haupo, yeye ndiye uzio. Akajengewa dungu, jukwaa la miti la kulindia shamba, katikati ya mpunga uliobaki, akapewa debe na fimbo, akaambiwa ashuke baada ya mavuno. Alikaa huko mvua na jua, suruali ya ofisini ikachanika magotini, ndevu zikaota. Tembo walikuja mara kadhaa. Alipiga debe mpaka mikono ikavimba, na lazima isemwe kwamba kipande kile kilivunwa chote.

Kabla ya mavuno Bonde Hai walituma wageni wengine, na mratibu mpya, kijana kutoka Morogoro aliyevaa miwani ya jua. Wakapita kando ya shamba la Konsolata, wakamwona mtu mwenye matambara juu ya dungu, wakasimama. Kamera zikatoka.

Deus akainuka, akawaambia kwa Kiingereza safi kwamba yeye alikuwa mratibu wao, kwamba ana diploma, na kwamba wasimpige picha.

Wageni wakafurahi mno. Mmoja akamuuliza yule kijana wa Morogoro ni wapi mkulima huyu alikojifunza lugha.

"Ni matunda ya mradi," akajibu.

Konsolata alikuwa akipalilia upande wa pili. Alicheka mpaka akaketi kwenye matope.