Sindano na Uji, Zamu kwa Zamu

Raheli alifika kijijini Kitaya akiwa na viatu mkononi na matope hadi magotini. Alikuwa nesi wa chanjo, Mpare aliyehamishiwa Mtwara kikazi katika miaka ile watu walipokuwa wakikusanywa kwenye vijiji vya ujamaa. Gari lilikwama matopeni njia ya Mahurunga, naye akaona heri atembee kuliko kukaa akingoja barafu iyeyuke ndani ya chupa ya chai aliyohifadhia dawa ya surua. Mgongoni alibeba mkoba wa turubai, na ndani yake, pamoja na sindano, mlikuwa na stovu ndogo ya shaba, ya kupampu, isiyofika hata uzito wa kilo.

Mvua ilikuwa imenyesha siku nne mfululizo. Ilikuwa imekatika alfajiri ile tu, na akina mama wapatao arobaini walikuwa uwanjani na watoto wao, wakimngoja.

"Tangu jana hakuna jiko lililowaka hapa," alisema Conceicao, kiongozi wa akina mama, aliyevuka Ruvuma wakati wa vita akitoka Msumbiji na watoto watatu na kinu kichwani. "Kuni zimelowa hadi kwenye kiini. Sindano utachemshia wapi, mwanangu?"

"Jiko ninalo, mama." Raheli akalitoa.

Conceicao akaangua kicheko. "Hilo? Mimi nilidhani kibatari!"

Raheli aliliweka juu ya jiwe bapa, akalikinga upepo kwa kipande cha bati, akamimina spiriti kidogo na kuiwasha. Kichwa cha jiko kilipopata moto, akapampu. Mwali wa buluu ukashika, ukavuma kama nyuki, na wanawake wakasogea kutazama. Punde maji ya kuchemshia sindano yakatokota.

Alikuwa amechanja watoto kumi na wawili alipoona mstari unapungua. Mama mmoja kijana, Lucinda, alikuwa amekwisha kumfunga mwanawe mgongoni.

"Unakwenda wapi, dada?"

"Shambani, nesi. Huyu hajatia kitu tumboni tangu jana mchana. Dawa atachomwa siku nyingine."

"Barafu haidumu hadi kesho, dawa itaharibika," alisema Raheli.

"Na njaa nayo haingoji kesho."

Wengine wawili wakamfuata. Raheli akaitazama chupa ya mafuta ya taa ya stovu ile. Alikuwa ameonywa kwamba mafuta yale ni ya kuchemshia sindano, si ya kupikia. Lakini sindano safi bila watoto zingemfaa nini?

"Mama," alimwita Conceicao, "nani ana unga?"

Unga ukapatikana, wa mtama na wa muhogo, kibaba huku, nusu kibaba kule. Mwingine akaleta nazi mbili. Stovu ile haikuweza kubeba sufuria kubwa, ikabidi wapike kidogo kidogo, watoto wadogo kabisa wakitangulia. Ikawa zamu kwa zamu: sindano zikichemka, uji unasubiri, sindano zikishuka, uji unapanda. Conceicao alichuchumaa akikoroga, akiwagombeza wenye pupa. Harufu ya nazi ilipofika njiani, Lucinda akarudi bila kuitwa.

Sufuria ya tatu ilikuwa haijaiva pale jiko lilipokohoa. Mwali ukageuka njano, moshi mweusi ukapanda, kisha kimya. Raheli akapekua mkoba mara mbili. Kisindano cha kuzibulia tundu la stovu kilikuwa kimebaki garini.

"Limeziba," alisema. Watoto kumi na saba walikuwa bado.

Conceicao akainama, akakichungulia kile kitundu. "Hizo sindano zako zikiziba, huwa unazizibua kwa kitu gani?"

Raheli akamkodolea macho, kisha akacheka kwa sauti. Akatwaa waya mwembamba kuliko nyaya zote za kuzibulia sindano katika kopo lake, akaupenyeza tunduni, akauzungusha taratibu. Spiriti ikamiminwa tena, pampu ikasukumwa, na ule mvumo wa nyuki ukarudi. Uwanja mzima ukapiga vigelegele.

Barafu ilikuwa imebaki vipande viwili vidogo alipomchoma mtoto wa mwisho, binti wa Lucinda. Mtoto alilia kwa uchungu, akanyamaza katikati ya kilio, akanyoosha kikombe. "Nipe uji!"

Raheli akakaa juu ya kinu kilicholazwa ubavuni. Miguu ilimuuma, mikono ikimnukia mafuta ya taa. Conceicao akamsogezea bakuli lenye uji mzito uliokwanguliwa chini ya sufuria.

"Kula, mwanangu. Nilikufichia."

"Na wewe, mama?"

"Leta kijiko hapa, basi."

Wakala bakuli moja, wakipokezana kijiko, huku wanawake wakitandaza kuni zao juani.