Sinki la Shangazi

Mkataba wake ulikuwa wa wiki kumi na tatu, kama uliotangulia na uliotangulia huo. Hospitali hii ilikuwa ya tisa katika miaka mitatu. Alishuka na begi moja, birika la umeme na mto wake wa kulalia, maana mtu anaweza kuzoea kitanda cha watu, lakini shingo haizoei mto wa watu. Kila alikokwenda walimpa jina lile lile kabla hata hajauliza choo kiko wapi: Mgeni.

Alikuwa fundi wa endoskopi. Ukimuuliza mkewe atakuambia, "Mume wangu anachungulia matumbo ya watu," naye kila mara humsahihisha: anayechungulia ni daktari. Yeye huandaa endoskopu, ule mpira mrefu mweusi wenye kamera nchani, humshika mgonjwa bega unapoingia kooni, na ukitoka huuosha hadi umfae mgonjwa mwingine. Wakala akipiga simu kwamba hospitali fulani imepungukiwa fundi, yeye hufunga begi.

Aliyempokea safari hii alikuwa mama wa miaka hamsini na minane, mfupi, mwenye sauti ya kuamrisha. Wote walimwita Shangazi, hata daktari aliyemzidi umri. Alikuwa ameosha mipira ile kwa miaka ishirini na mbili.

"Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe," alimwambia akimrushia aproni. "Sisi hatuna siku mbili za kupoteza. Shika jembe."

"Nimeshika, Shangazi."

"Lakini sinki usiliguse. Sinki ni langu."

Mgeni hakubishana. Alikuwa na kanuni moja iliyomfikisha salama hadi hospitali ya tisa: ukiwa nyumbani kwa watu, kula ulichopewa, lala ulipoonyeshwa, na ya ndani waachie wenyewe. Kuna mahali aliwahi kusema neno moja juu ya dawa iliyopitwa na muda, na mkataba wake ukakatwa wiki ya tano. Tangu hapo ulimi wake ulijua kukaa nyuma ya meno.

Na kusema kweli, alimpenda yule mama. Siku moja aliletwa dereva wa lori, pande la mtu, akitetemeka kama kuku aliyenyeshewa. Shangazi alimwekea kiganja shavuni.

"Baba, mate usiyameze, yaache yatiririke. Hapa hakuna mkwe wa kumwonea aibu. Pumua kwa pua. Hivyo hivyo. Umezaliwa kwa kazi hii."

Dereva alicheka huku mpira ukipita, jambo ambalo Mgeni hakuwahi kuliona katika hospitali nane. Usiku ule alimsimulia mkewe kwenye simu, na mkewe akasema, "Huyo mwanamke umlete hapa anifundishie watoto kunywa dawa."

Sasa, kazi hii ina sharti moja kubwa. Kabla ya kuuosha mpira, fundi huunganisha pampu ndogo ya hewa, huujaza hewa kwa ndani, kisha huuzamisha wote ndani ya sinki la maji safi na kuukodolea macho, akiukunja na kuukunjua. Ukiwa mzima, maji hutulia. Ukiwa na tundu, hata dogo kuliko la sindano, vipovu hupanda. Mpira uliotoboka hautumiki, maana uchafu wa mgonjwa mmoja hujificha mle ukamsubiri mwingine. Hilo ndilo sharti ambalo Shangazi, akiwa kazini, hakumwachia mtu.

Jumatano ya wiki ya nne, Mgeni alikuwa nyuma yake akikausha mikono. Mpira namba mbili ulikuwa majini. Karibu na ncha, pale unapojikunja, vipovu vilikuwa vinapanda kimoja kimoja, vimepangana kama shanga kwenye uzi.

"Mzima," alisema Shangazi, akageuka kuandika daftarini.

Mgeni alidhani anatania. Alisubiri kicheko. Shangazi alinyoosha mkono kuchukua kalamu, akaikosa kwa upana wa vidole viwili, akapapasa meza hadi akaipata.

Hapo ndipo mambo mengine yalipomrudia. Shangazi alipomimina chai, alitumbukiza ncha ya kidole kikombeni kujua imejaa wapi. Kila asubuhi alimpa orodha ya wagonjwa: "Soma wewe, mimi nimechoka kusoma." Mgeni alidhani ni ukubwa tu wa mwenye nyumba. Kumbe mama wa watu alikuwa haoni.

"Huo niachie mimi, Shangazi," alisema. Aliutoa majini, akaufunga kitambulisho chekundu cha USITUMIKE, akaufungia kabatini peke yake. Wagonjwa wawili waliobaki aliwaandalia mipira mingine, na sinki akalisimamia mwenyewe. Shangazi alisikia mlango wa kabati, lakini hakuuliza kitu. Mtu asiyejua angeuliza.

Jioni Mgeni alimpigia mkewe, akamweleza yote.

"Na wewe unataka kufanya nini?" mkewe aliuliza.

"Ndiyo nakuuliza. Mimi ni mpita njia. Kwake pale ndipo nyumbani. Mume wake amefariki, watoto wako mbali. Wakimtoa chumba kile, ataenda wapi pengine?"

"Baba watoto, kama aliyetiwa mpira ule kooni angekuwa mama yako, ungenipigia kuniuliza?"

"Nisingekupigia," alijibu Mgeni.

"Haya basi," alisema mkewe. "Ila ukaseme kama mtoto. Usiende kama polisi."

Asubuhi alifika kabla ya wafagizi. Shangazi alikuwa amefika kabla yake, amekaa kwenye kiti cha wagonjwa, mkoba mapajani.

"Shangazi, mpira namba mbili jana ulitoa vipovu. Vingi. Ulikuwa nao mkononi."

"Nani amesema?"

"Nimesema mimi."

Shangazi alisimama. "Wewe uliyekuja juzi na birika lako! Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Wewe umekuja mwenyeji afe? Miaka ishirini na mbili! Ulikuwa wapi mimi nikiosha mipira hii kwa mikono bila glavu?"

"Nilikuwa sijui hata kuandika jina la huo mpira," Mgeni alijibu. "Ndiyo maana nimekuja kwako kabla ya kwenda kwa mtu mwingine yeyote."

Aliketi sakafuni, mgongo ukutani, akawa chini kuliko yeye. Mabomba yaliunguruma.

"Naona kama nimewekewa glasi ya maziwa mbele ya macho," Shangazi alisema hatimaye, kwa sauti ndogo ambayo Mgeni hakujua kama anayo. "Ilianza mwaka jana. Chumba hiki nakijua kwa hatua, kwa hiyo hakuna aliyejua. Nilijiambia, mpira ukitoboka vidole vitaniambia. Nilidhani vitaniambia."

"Umemwona daktari wa macho?"

"Nimemwona nani! Mwanangu, mimi nimesimama pembeni ya vitanda maisha yangu yote. Kulala juu yavyo sijui. Na nikilala wataniambia nenda nyumbani ukapumzike. Nyumbani kuna nini? Kuna redio."

Mgeni alimshika mkono. Ulikuwa baridi.

"Shangazi, saa nne Sista Mkuu lazima ajue. Kuna wagonjwa. Afadhali asikie kwako. Nitasimama na wewe. Lakini saa nne na robo ikifika hujasema, nitasema mimi, na nitalia nikisema."

"Ulie wewe, mwanamume mzima?"

"Mke wangu ananijua."

Saa tatu na nusu Shangazi aligonga mlango wa Sista Mkuu, Mgeni nyuma yake. Alisema mwenyewe, maneno yote, hakumung'unya. Sista Mkuu alikunja uso, akafungua daftari. Bahati moja ilikuwepo: Jumatatu Shangazi alikuwa na ruhusa, Mgeni akapima mipira yote kwa macho yake, na namba mbili ulikuwa mzima. Kwa hiyo lililokuwa na shaka ni Jumanne na Jumatano, wagonjwa wanane. Wote waliitwa. Shangazi aliomba awapigie simu yeye, na alikataa kusema "tatizo la kiufundi" kama alivyoandikiwa. Aliwaambia, "Mimi ndiye niliyeosha, na sikuona." Mmoja alimtukana. Alimsikiliza hadi mwisho, akamwambia aje Ijumaa saa mbili asubuhi, asisahau kadi yake. Wanane wote walipimwa damu, wakapimwa tena baada ya wiki sita, na hakuna aliyeonekana na kitu. Lakini wiki sita ni ndefu, na Shangazi alikonda.

Sista Mkuu alimpa barua ya onyo. Alimwondoa kwenye sinki, akamwacha upande wa kichwa cha mgonjwa, kazi ya maneno na kiganja. Kuhusu kurudi, alisema, "Daktari wa macho aandike, kisha upime mbele yangu. Bila hivyo, hapana. Na mimi nakupenda, Shangazi, ila hapana."

Daktari wa macho alikuta mtoto wa jicho pande zote mbili. Siku ya upasuaji wa jicho la kwanza, Shangazi aligoma mlangoni kama mbuzi kwenye daraja. Mgonjwa wa upasuaji ule huwa macho, na wodi ya macho huruhusu mtu mmoja amshike mkono chini ya shuka, ili akitaka kukohoa amminye badala ya kutikisika. Mgeni aliomba awe yeye. Kwa dakika ishirini Shangazi alimminya vidole hata pasipo kikohozi. Jicho la pili lilifuata wiki tatu baadaye, na safari hiyo alimminya mara moja tu, kumuuliza kama bado yupo.

Ilikuwa wiki ya kumi na mbili aliposimama tena mbele ya sinki, cheti cha daktari kikiwa mezani. Mpira namba mbili ulikuwa umerudi kutoka kwa watengenezaji. Sista Mkuu alikunja mikono kifuani. Shangazi aliunganisha pampu, akauzamisha, akaukunja ncha huku na huku. Aliinama hadi pua ikakaribia maji. Dakika ikapita. Sista Mkuu alijikohoza. Dakika nyingine.

"Vipi?" aliuliza Sista Mkuu.

Shangazi hakuinua kichwa. "Mimi sijaona kipovu," alisema polepole. "Maji yametulia, hata mstari wa bluu chini ya sinki nauona." Akasogea pembeni nusu hatua, akaacha nafasi ya mtu mmoja. "Mgeni, njoo uangalie na wewe."

Mgeni alisogea, akainama, bega kwa bega naye, wakautazama mpira pamoja.