Kikombe cha Wembe

Khainza alifariki Jumanne asubuhi, nikiwa njiani kurudi nyumbani kutoka matembezini. Nilikuwa bado karibu na soko la Jinja nilipomwona jirani yetu anakuja mbio, leso mkononi. Alinishika mkono akatembea pembeni yangu kama mtu anayemsindikiza mgonjwa. Nilimkuta mke wangu amelazwa kwenye mkeka wa majirani, na ndoo aliyokuwa akichotea maji bado iko bombani, inafurika. Walisema mshipa wa kichwani umepasuka. Katika nyumba ile mgonjwa nilikuwa mimi. Yeye hakuwa anaumwa.

Naandika haya kwa sababu nimeanza kuchanganya kilichotangulia na kilichofuata.

Kwa kabila mimi ni Mteso, yeye alikuwa Mgisu wa upande wa Mbale. Kiswahili tulikipata kambini nilipokuwa askari wa magereza, kikabaki lugha ya nyumba yetu hata baada ya kustaafu. Aliniita Afande mbele za watu na hata tukiwa wawili, hasa akitaka kunicheka.

Sukari iliponipata nilipewa vidonge, nikaambiwa nitembee kila siku. Nilianza, nikaacha, nikaanza tena, nikaacha. Nilidhani ni uvivu. Khainza alikuwa mhudumu wa afya wa mtaa, wale wa kujitolea, na siku moja alirudi kutoka semina na maneno mengine. Alisema wataalamu wamewachunguza watu wanaoshika jambo jema miaka na miaka, wakakuta kwamba wengi wao hawana moyo wa chuma. Wana kitu wanachokifanya kila siku bila kufikiri, na jambo jipya wamelifunga nyuma ya kitu hicho, kama tela.

"Wewe kitu gani huachi, Afande?" akaniuliza.

"Kula."

"Kula unaacha ukinuna. Taja kingine."

Nikafikiri. "Kunyoa ndevu."

"Ehe! Wewe hata siku ya kiama utamwambia malaika asubiri umalize shavu la pili."

Ilikuwa kweli. Askari wa magereza haendi kwenye gwaride na ndevu, na mazoea yale nilistaafu nayo. Akachukua vidonge akaviweka ndani ya kikombe changu cha wembe, ili nikitaka brashi nivitoe kwanza. Kuhusu kutembea, alisema nikishanyoa niende mpaka getini, nirudi.

"Nimepeleka wafungwa mashambani kwa miguu," nikamwambia, "leo unanituma getini?"

"Getini tu. Ukizidisha ni shauri lako."

Baada ya muda nilikuwa nafika sokoni bila kujua nimefikaje. Mkono ukishika wembe, mengine yalifuata yenyewe. Miaka ikapita hivyo. Watu walinisifu kuwa mtu wa nidhamu, na mimi nikaamini.

Tulimzika kwao, kijiji cha Wanale, mlimani juu ya Mbale, kwenye kiwanja tulichokuwa tumenunua karibu na ndugu zake. Nandutu, dada yake mkubwa, alinipa chumba, akanieleza utaratibu wa ukoo wao: wafiwa hawanyoi nywele wala ndevu mpaka siku ya kumaliza matanga, wanapokaa pamoja na kunyolewa. Siku hiyo ilikuwa inamngoja Tyson, mdogo wao aliye jeshini, ambaye hakupata ruhusa ya kuja mazishini. Ruhusa ikacheleweshwa, kisha ikacheleweshwa tena.

Kikombe kilikuwa ndani ya mkoba wangu pamoja na vidonge. Sikuufungua. Sikukusudia kutoufungua. Niliamka, nikakaa kitini, nikaletewa chai ya sukari nyingi, kwa sababu mfiwa hanyimwi. Watu walikuja, walikaa, walikwenda. Nikisimama kumpokea mtu jerikeni la maji, Nandutu alinirudisha.

"Kaa, shemeji. Kazi ni yetu."

Basi nilikaa mpaka jioni, nikitazama maji yanavyoshuka kwenye jabali la mlima, bila kuwaza kitu. Aliyeuliza habari ya ugonjwa wangu alijibiwa na Nandutu kabla sijafungua mdomo: "Huyu ni askari. Yeye hahitaji kukumbushwa."

Burhan ana duka la dawa huko Nakaloke, karibu na Mbale. Alikuwa na Khainza kwenye semina zile, na habari ya msiba ilimfikia kwa kuchelewa. Alikuja na kofia yake nyeupe, akasimama kaburini akiomba dua, halafu akavuta kiti karibu nami.

"Pole sana, Afande. Lakini ndevu hizi! Ukipita msikitini kwetu watakupa uimamu."

Nandutu akacheka, mara ya kwanza tangu mazishi. Nikamweleza Burhan kwamba tunamngoja Tyson ndipo tunyolewe. Naye akaacha kutabasamu. Khainza alikuwa ameisimulia semina nzima habari ya kikombe changu.

"Na dawa unameza saa ngapi?"

"Dawa gani?"

Niliuliza kwa kweli. Burhan alinitazama kidogo, akainama, akanivua ndara ya mguu wa kulia. Kati ya vidole kulikuwa na kidonda, kingo zake nyeusi, na kilikuwa kimeanza kunuka. Sikuwa nimesikia maumivu yoyote.

Hospitalini Mbale walikata vidole viwili. Daktari alisema sukari ikibaki pale ilipo, safari ijayo atakata chini ya goti.

Tuliporudi Wanale, Nandutu aliniletea maji ya moto na kioo. Macho yake yalikuwa mekundu. "Nyoa leo, shemeji. Tyson akija na maneno yake atanikuta mimi mlangoni."

Nilishika wembe. Ndevu zile zilikuwa na umri wa msiba. Nilijua nikizitoa nitabaki na uso ule ule niliotoka nao Jumanne asubuhi, uso ambao Khainza alikuwa ameuaga, na itakuwa kama naanza siku bila yeye kwa hiari yangu. Nikauweka wembe chini.

"Siwezi."

Hakunilazimisha. Alichukua kioo akaondoka nacho.

Burhan alikuja tena kuangalia bandeji. Nilimwambia nimeshindwa na jambo dogo kuliko yote.

"Si udhaifu," akasema. "Kichwa cha mtu kinapenda kupumzika. Ukirudia jambo mahali palepale, nyuma ya kitu kilekile, kichwa kinalikabidhi kwa mikono. Kile kitu cha mbele kikiondoka, mikono haina habari. Hata kuhama nyumba tu kunamwaga mazoea mengi njiani, sembuse wewe."

"Sasa dawa niifunge nyuma ya nini? Hapa sifanyi kitu. Hata maji nimekatazwa kuchota."

"Tafuta kitu ambacho hakiko matangani."

"Kuku," Nandutu akasema kutoka jikoni. "Hao walipiga kelele hata siku ya jeneza. Wakitaka kutoka, wanataka kutoka."

Tukatundika mfuko wa vidonge kwenye msumari wa mlango wa banda. Siku za kwanza nilikosa. Nandutu kwa huruma aliniwahi kuwafungulia, nisikanyage matope na bandeji, na kuku wakishatoka mimi sikuwa na sababu ya kwenda bandani. Ilibidi niseme.

"Shemeji, kuku niachie."

"Na mguu huo? Watu watasema namfanyisha kazi mfiwa."

"Waseme."

Nilitaka pia kutembea hadi kwenye mibuni. Burhan alikataa. "Banda, halafu kitandani. Usizidishe." Nikamkumbuka Khainza na geti lake, nikageuza uso, asinione.

Ziko asubuhi nilizobaki nimelala, nikiwasikia kuku. Sikuona mguu huu nautunzia nini. Kelele zilizidi, nikaenda, si kwa nia wala kwa nguvu, ila kwa sababu walikuwa wamefungiwa. Nikishafika mlangoni mkono uligusa msumari, nikameza.

Tyson alikuja mwishowe. Tulinyolewa sote uani, mmoja mmoja, na maji ya baridi. Kesho yake viti vya kukodi vilirudishwa. Nyumba ya Jinja tuliyopanga nimemrudishia mwenye nyumba, nikabaki hapa Wanale.

Mguu bado ninao. Kidonda hakijafunga. Kila Alhamisi Nandutu ananipeleka Mbale kwa boda kikaoshwe, na daktari hajasema kama mguu utabaki.