Alama za Kocha Lanier

…na hilo la kuomba kipande cha pili cha kambare kabla hata hajamaliza cha kwanza, hapo kachukua alama zote, alijiambia Vonetta, huku akikoroga chai baridi ambayo sukari yake ilikwisha yeyuka zamani, kwa sababu bibi hashindwi kwa maneno, bibi hushindwa kwa sahani tupu, hilo amelisema redioni miaka nenda miaka rudi, mpate bibi umempata kijana, na tazama sasa, mama yake mzazi, Bibi Ozella, mwanamke ambaye hata mkwewe hakumchekea siku ya harusi, anacheka mpaka mabega yanatikisika, "Kula, mwanangu, kula, huko chuoni kwenu mnalishwa nini, nyasi?" na Kocha Lanier, tai ameitupa begani kama mtu aliyezaliwa humu ndani, anajibu, "Afadhali nyasi, Bibi, mpishi wetu akikaanga kambare, kambare mwenyewe huomba arudishwe mtoni," na bibi anapiga meza kwa kiganja, jamani, jamani huyu mtoto, na vikombe vinatikisika… na yeye Vonetta, hofu gani hii, ya nini, mchana kweupe wa Jumapili, watu wametoka kanisani, nyumba inanukia mkate wa mahindi, na mwanawe Kendrell ameketi pale, mzima, mabega kama mlango wa ghala, kijana wa sekondari ambaye makocha wa vyuo vya kusini kote wamepanda magari na ndege kuja Mississippi, tena hapa Pearline, mji ambao mgeni akipiga chafya ameshaupita, waje wamwombe, wao wamwombe yeye, akawachezee mpira, mpira wao huu wa helmeti na kugongana, asome bure, aonekane kwenye televisheni, mama gani asiyetaka hayo, basi mbona tumbo limejinyonga kama nguo iliyokamuliwa… tulia, Netta, tulia, fanya kazi yako, pima, kwani wewe si ndiye mpimaji, si ndiyo kazi inayokulisha, kila Alhamisi jioni kaunti tatu zinafungua redio kumsikia Vonetta Tolliver akiwaweka makocha kwenye mizani, nani kajua kumvuta kijana na nani kajua kula nauli tu, na wiki iliyopita msikilizaji alipiga simu akamchokoza, "Dada Netta, sasa utampimaje mtu anayemtaka mwanao?" naye akamjibu pale pale, "Kama mpishi anavyoonja chungu chake, kaka, ulimi ni ule ule," mji mzima ukacheka, na ni kweli, ulimi ni ule ule, huyu Lanier amekuwa wa kwanza kwake misimu yote hii si kwa upendeleo, ni kwa kazi, angalia alivyokuja kanisani leo bila kualikwa, akakaa benchi la nyuma, hakusogea mbele kujionyesha kama wale wengine, akaimba ubeti wa tatu bila kitabu, ubeti wa tatu ambao hata shemasi huupitia akimung'unya, akamtaja marehemu baba yake Vonetta kwa jina lake la utani, Skeet, jina ambalo halipo hata kwenye kaburi lake, amelijulia wapi, huyo ndiye mwindaji, anajua jina la mbwa, anajua nani kwenye nyumba ndiye mwenye neno la mwisho, anajua kwamba baba yake Kendrell yuko Memphis na familia nyingine na kwa hiyo hamtaji, kimya, hata kwa bahati mbaya, mtu anayejua nini cha kutokusema huyo ndiye hatari… hatari, neno gani hilo, alitaka kusema hodari, ulimi umeteleza kichwani mwenyewe, "Mama Kendrell, wewe huli?" kocha anamuuliza, na yeye anasema, "Nakula, kocha, nakula kwa macho," wanacheka tena, bibi anasema, "Huyo tangu utoto hula kwa macho, ndiyo maana ana mdomo mrefu," na kocha ananyanyuka kumwongezea bibi chai, yeye mgeni anamhudumia mwenyeji, alama, alama nyingine, anapita nyuma ya kiti cha Kendrell na mtungi mkononi, na akiwa anapita, bila kukatiza maneno yake, bila hata kutazama, ananyoosha mkono mwingine na kulivuta pazia, taratibu, jua linatoka usoni pa kijana, anampiga kidogo begani, anaendelea hadi kwa bibi, "Sema basi, Bibi," na bibi anasema, "Basi ya nini, jaza," na Vonetta alikuwa tayari anamwandikia alama kichwani, huyu anaona, huyu jicho lake halilali, kisha kalamu hiyo ya kichwani ikasimama… ikasimama, kwa nini imesimama, pazia, kwani pazia lina nini, pazia ni pazia, ila pazia hilo limekuwa limefungwa tangu Oktoba, sisi wenyewe ndio hulifunga, leo bibi kalifungua kwa heshima ya mgeni, na hakuna aliyesema kitu, Kendrell hakulalamika, aliinamisha kichwa tu akaweka mkono kwenye paji la uso kama mtu anayewaza, mtu mwingine angedhani anaona haya, lakini huyu hakudhani, huyu alijua, jua linamwumiza mtoto na huyu anajua… Mungu wangu, anajua… Oktoba, ile mechi ya Ijumaa, Kendrell na mpira kwapani, wapinzani wawili wakamvaa kwa pamoja, mmoja huku mmoja huku, na ule mlio, helmeti kwa helmeti, uliosikika mpaka kwenye ngazi za juu kama mlango wa gari uliofungwa kwa hasira, akalala, akaamka, akapunga mkono watu wakashangilia, akatembea kwa maringo yake yale akaenda kukaa… kwenye benchi la timu pinzani, akakaa kabisa, akaomba maji, uwanja mzima ukavunjika mbavu, wapinzani wenyewe wakampa maji, ikawa hadithi ya mji, Kendrell kawatembelea jirani, na yeye Vonetta alicheka, alicheka na mkono mdomoni, na chini ya kicheko kulikuwa na kitu baridi, kidogo, kama punje ya barafu, akakimeza, kumbe kitu hicho hakikuyeyuka, kimekaa humu tumboni tangu siku ile, ndicho hiki kinachojinyonga sasa… tangu hapo pazia, tangu hapo analala akitoka shule mpaka chakula cha jioni, tangu hapo miwani ya jua mpaka jikoni, na bibi husema ujana, na yeye husema ujana, kila mtu ndani ya nyumba hii ameshikilia neno hilo kama kamba ya kisimani, ujana, ujana… na huyu Lanier amekuja mara tatu, amekalia kochi lile mara tatu, ameuliza masomo ayapendayo, ameuliza anaogopa nyoka au haogopi, ameuliza kitanda chake kina urefu gani maana miguu hiyo itaning'inia bwenini, ameuliza kila kitu cha kijana kuanzia unyayo kupanda juu, na alipofika shingoni akanyamaza, kichwa hajakiuliza, hata "umeamkaje" hajauliza, mtu anayejua jina la utani la marehemu hajui habari ya benchi iliyochekwa kaunti nzima, haiwezekani, anajua, anajua na amelifunika, kama vile asivyomtaja baba wa Memphis, kwa ustadi ule ule, kwa upole ule ule, ee Netta, na ustadi huo ndio uliokuwa ukiusifu… "Huko kwetu, Bibi, atakuwa na chumba chake, na mtu wa kumwamsha, na mtu wa kumkumbusha vitabu vyake, kila kitu atakumbushwa," anasema kocha, na bibi anasema, "Vizuri, maana siku hizi anasahau huyu, kichwa chake kiko kwa wasichana," atakumbushwa, kasema atakumbushwa, yule mtoto wa msusi, Tavaris, naye alikumbushwa, Lanier huyu huyu alimchukua kutoka mikononi mwa vyuo vikubwa vinne na Vonetta alipaza sauti redioni mpaka fundi mitambo akavua vipokea sauti, windo la mwaka, alisema, na juzi juzi tu si alimwona Tavaris nje ya duka, mtu mzima sasa, kifuko cha unga mkononi, amesimama katikati ya magari anazunguka polepole, akamsalimia, "Unatafuta nini, baba?" akacheka kistaarabu, "Gari, shangazi, nililiweka hapa hapa," na alikuwa amesimama mbele ya gari lile lile, amelishika kwa mkono, na Vonetta alimwonyesha, akaaga, akaenda zake, akawasha redio kwa sauti kubwa asisikie alichokiona… alama alimpa mwindaji, windo hakulifuata, amekuwa akizisifia harusi, pilau lilivyonoga, bwana harusi alivyopendeza, ndoa hakuwahi kuiulizia hata siku moja… na yule mwingine, Mungu anisamehe, yule Kocha Whitlow wa chuo kidogo cha kule milimani, na koti lake la kahawia lililofifia viwikoni, alikaa kwenye kochi hilo hilo mwezi uliopita, akaikataa pai ya viazi vitamu ya bibi, eti ana kisukari, bibi akanuna, akamwaga chai juu ya zulia, akapiga magoti kuifuta kwa leso yake, na akiwa bado yuko magotini akamtazama Kendrell kutoka chini akamuuliza, "Kijana, ulipoamka Oktoba ile, ulikuwa unakumbuka nini?" hivyo tu, mbele ya watu, na yeye Vonetta akaruka kama aliyemwagiwa maji ya moto, "Mwanangu hana ugonjwa wowote, kocha," na mzee yule akasimama, magoti yanamlia, akasema, "Natumaini hivyo, mama. Nafasi yake nitaiweka, acheze asicheze, hata mwaka mzima. Ila daktari wa kichwa kwanza. Bila daktari mimi simchukui," akaondoka, na Alhamisi ile ile yeye akawaambia wasikilizaji, "Yuko kocha mmoja, simtaji jina, huyo umpeleke jangwani akauze maji, atarudi na mapipa yote," watu wakapiga simu wanalia kwa kicheko, akamweka wa mwisho, chini kabisa, mtu pekee aliyeingia humu ndani akakiuliza kichwa… "Basi, hakimu," Lanier anasema, na ameweka uma chini, amefuta midomo, anamgeukia kwa tabasamu lile lenye haya kidogo pembeni, tabasamu ambalo yeye mwenyewe aliwahi kulisifu, "mimi nakusikiliza kila Alhamisi, nakuogopa kuliko mechi yoyote, sema ukweli mbele ya Bibi, leo nimepata ngapi? Naondoka na kijana au naondoka na pai peke yake?" na bibi anasema, "Mpe zote, Netta, usiwe bahili," na Kendrell anacheka akitazama sahani, na wote wanamtazama yeye, anaogopa kusema ndiyo na anaogopa kusema hapana, akisema hapana kijana atamchukia, mji utamwuliza, ndoto ya mtoto tangu ana miaka sita ataivunja mama yake kwa ajili ya pazia, na ikiwa amekosea je, ikiwa kweli ni ujana tu… ulizia, Netta, piga magoti uulize kama yule mzee, neno dogo tu, na anasikia sauti yake ikitoka, ya kawaida kabisa, sauti ya kuomba chumvi, "Kendrell, mwanangu, mchungaji amehubiri nini leo?" na kijana anainua uso, anatabasamu, anafungua mdomo, na mdomo unabaki wazi, ndio kwanza wametoka kanisani, shati la ibada bado liko mwilini, mchungaji alinguruma mpaka watoto wakalia, na macho ya kijana yanakwenda kushoto, yanakwenda kulia, kama mkono unaopapasa ukutani gizani, na kabla bibi hajageuka, kabla kijiko hakijagusa kikombe, Kocha Lanier anasema kwa uchangamfu, "Yona, mama! Yona tumboni mwa samaki. Nani atasahau, mchungaji mwenyewe alikaribia kutumeza," na bibi anapasuka kucheka, na Kendrell anasema haraka, "Ndiyo, Yona," anashusha pumzi, na Vonetta hacheki, kwa kuwa ameona kitu, amekiona wazi mchana huu kweupe, macho ya mwanawe yalipokwama hayakumtafuta mama yake wala bibi yake, yalikwenda moja kwa moja kwa kocha, yakangoja, kama yalivyokwisha zoea kungoja, kumbe amemwambia, kijana amemwambia huyu, huyu na si mimi, maumivu yote na usiku wote na usahaulifu wote ameuweka mikononi mwa mtu huyu, naye ameupokea, ameukunja vizuri, ameutia mfukoni pamoja na jina la babu na ubeti wa tatu, na hapo hofu iliyokuwa imejinyonga tumboni tangu Oktoba ikanyooka, haikuondoka, la, ilisimama wima ndani yake ikawa na uso na jina, na anajua sasa kesho asubuhi atamwingiza kijana huyu garini, ampeleke kwa daktari wa kichwa, apende asipende, amchukie akitaka, amchukie mpaka azeeke ilimradi azeeke akimjua anayemchukia… "Netta," bibi anasema, "kocha anangoja alama zake," na kambare yuko mezani, na chai iko mezani, na tabasamu la mgeni liko pale pale halijapungua hata kidogo, na Vonetta anamtazama mwanawe, yeye tu, na anasema polepole, "Nilikuwa namuuliza Kendrell. Kendrell, baba, niambie wewe."