Batoni ya Kabati

Nilipoingia sebuleni, sahani ilikuwa tayari mapajani mwa baba, na kipande cha samaki, baba mdogo Lazare akimlisha, kilikuwa nusu ya njia kwenda kinywani mwake. Wageni watano wa kanisa walikuwa wamemzunguka, bado katika nguo za ibada. Nilikitoa kile kipande mkononi mwa Lazare. Kisha nikachukua na sahani.

Binti hamnyang'anyi baba yake chakula mbele ya watu. Nilijua hivyo wakati mkono wangu ukienda. Nikapeleka sahani jikoni, nikaiweka ndani ya kabati, nikafunga, na ufunguo nikaurudisha shingoni.

Kabati hilo lina sheria, na aliyeitunga ni baba mwenyewe, Isaïe Mulongo. Kwa miaka thelathini na moja alisimamia stesheni ndogo kwenye reli ya njia moja, ambapo treni zinazotoka pande mbili hupita juu ya chuma kilekile. Kila kipande cha njia kilikuwa na batoni moja tu, kijiti cha ruhusa. Dereva asiye nayo haondoki, hata kama mkubwa wa wakubwa yumo ndani anapiga kelele. Na pale stesheni kwa baba, aliyeipokea alitakiwa kusema kwa sauti, mbele ya shahidi: "Njia iko mikononi mwangu. Kitakachotokea, niulizwe mimi."

Mwezi wa nne tension, shinikizo la damu, ilimwangusha akienda mazoezi ya kwaya. Alikaa hospitali siku kumi na moja, akarudi na mkono wa kulia usiosikia amri yake. Daktari alituambia wazi: chumvi ipungue kabisa, kwa sababu akianguka tena huenda asiinuke.

Mama anafundisha shule huko Kabongo, hurudi mwisho wa mwezi. Nyumba ilibaki kwangu. Kwa wiki nzima niliandika kila kilicholiwa na saa kilipoliwa, nikagundua kwamba adui yetu hakuwa ulafi. Adui alikuwa saa nane ya mchana. Siku ambazo hadi saa nane hakuna aliyefikiria chakula, njaa ilitutuma barabarani, tukarudi na vya kukaangwa na vya chumvi.

Basi nilipaka mlango wa jikoni rangi nyeusi, nikaandika juu yake siku saba kwa chaki. Jumatatu mukunde na viazi vitamu. Jumanne samaki mbichi na matembele. Jumapili bukari, ndiyo ugali wetu, mboga ya lengalenga na kuku wa kuchemsha na limao. Jumamosi naenda soko, narudi, naosha, nachambua, nalowesha maharagwe. Ndizi na karanga zisizo na chumvi niliziweka mezani, pale mkono unapofika wenyewe. Chumvi, sukari na mafuta vikapanda kabatini.

Baba alichonga kipande cha mti kwa mkono wa kushoto, siku tatu, akakifunga kwenye ufunguo wa kabati kiwe batoni yetu.

"Hata minyi mwenyewe nikikuomba, usinipe," alisema. "Sema maneno."

Nikayasema.

Kwa miezi minne tension ilikuwa ikishuka. Halafu Ijumaa treni ya Bukama ikamleta dada yake mkubwa, shangazi Élisa, na kikapu cha bitoyo, wale samaki waliokaushwa kwa chumvi hadi inang'aa juu ya ngozi. Alionja mboga yangu, akaweka kijiko chini.

"Hii njo chakula ya muntu ama ya sungura?"

"Njo ya baba, shangazi."

"Ndugu yangu anakonda! Bantu ba Bukama bakimuona batasema nini?"

"Batasema iko muzima."

Alicheka, lakini macho yake hayakucheka. Jumapili, nilipokuwa ninateka maji, aliwasha mbabula, jiko la makaa, uani, akapika bitoyo.

"Batoni yako inafunga kabati," aliniambia niliporudi na kusikia harufu. "Kikapo yangu haina kufuli."

Nilikimbilia sebuleni. Hayo mengine nimeshayasema.

"Talitha!" Sauti ilikuwa ya baba mdogo Lazare. "Kuya hapa!"

Nilirudi, nikasimama mlangoni. Shangazi alikuwa ameingia kutoka uani, analia bila kujificha. Baba alitazama sakafu. Nilimngoja aseme kwamba sheria ni yake, kwamba yeye ndiye aliyeniapisha. Hakusema. Mbele ya dada yake na kanisa aliona haya kuwa mtu anayefungiwa chumvi.

"Piga magoti," alisema Lazare. "Umupe yaya Élisa batoni. Kutoka leo jikoni iko yake. Halafu umuombe pardon."

Niliivua batoni shingoni, nikamnyooshea shangazi kwa mikono miwili.

"Pokea, shangazi. Lakini sema maneno."

"Maneno gani?"

"Baba anayajua."

Baba aliinua kichwa kwa mara ya kwanza. Aliyasema taratibu, kama anavyosoma mtu karatasi ya zamani: "Njia iko mikononi mwangu. Kitakachotokea, niulizwe mimi."

Shangazi alifuta machozi, akashika kipande cha mti. Mimi bado nilikuwa nimekishika upande wangu.

"Njia iko mikononi mwangu," alianza. "Kita..."

Macho yake yaliangukia mkono wa kulia wa baba, uliolala pajani kama kitu kilichosahauliwa na mgeni. Aliutazama muda mrefu. Mama mmoja wa kanisa alikohoa. Midomo ya shangazi ilijaribu tena, sauti haikutoka.

Vidole vyake vikaachia.

Nikarudisha batoni shingoni, nikaenda jikoni, nikapakua lengalenga na kuku wa Jumapili, nikaja nikaweka mbele ya baba. Alichukua bukari kwa mkono wa kushoto, mkono ambao tangu hospitali hakukubali kula nao mbele ya wageni. Akala. Watu wote walisikia akitafuna.

"Sawa," alisema Lazare, bado amesimama. "Mambo ya bitoyo imeisha. Lakini yaya hawezi kurudi Bukama na aibu hii. Pardon yake iko wapi?"

Baba alimeza. "Talitha," alisema bila kunitazama, "umuombe tu, mambo iishe."

Hapo ndipo nusura nilie. Nikamsogezea limao karibu na mkono wake mzima.

"Chakula njo hii, baba," nilisema. "Pardon haiko. Leo haiko, na shangazi akirudi mwaka kesho na kikapo, ataikuta haiko vilevile."