Kaimati Kumi na Silinda Hedi

Nilipochungulia dirisha la jikoni, Salmini alikuwa ameshakula bolti nne za mwanzo na mkono wake unaielekea ya tano.

Zilikuwa kaimati, tena nilizipika kwa roho safi. Nilizipanga kumi kwenye sahani, safu mbili za tano tano, kila moja nimeichomeka karafuu: ya katikati karafuu moja, jirani yake mbili, hivyo hivyo kuelekea ukingoni, mpaka ya kumi iliyojaa karafuu kama nungunungu. Mtu yeyote mwenye macho, amesimama mbele ya injini yenye bolti kumi katika safu mbili, angejua anaambiwa aanze kukaza ipi. Salmini alizitema karafuu kiganjani, akamwambia shangazi Thuraya kwa adabu kwamba viungo vya leo vimekolea.

Ilikuwa Jumanne, mwaka sabini na mbili, uani kwetu Kanyenye, Tabora. Gari lilikuwa Pijo la baba yangu, Mzee Ghalibu, lililochemsha maji mpaka gasketi ya silinda hedi, kichwa cha injini, ikaungua. Salmini, mwalimu wa shule ya msingi aliyetaka kuniposa, alikuja kutusalimu jana yake, akaikuta boneti wazi, ulimi ukamponyoka. Taifa zima linahimizwa kujitegemea, alisema, fundi wa nini? Atalitengeneza mwenyewe, hapa hapa nyumbani. Na alikuwa hajawahi kufungua hata baiskeli.

Baba akamwambia kwamba Jumamosi kuna harusi Usoke. Babu zake walifika Tabora kwa miguu, na msafara, ili yeye asije akabanana kwenye behewa. Pijo likitufikisha harusini, atapokea posa ya Salmini. Lisipotufikisha tutapanda treni, na huko huko Usoke atampa jibu binamu yangu Soud, mwenye shamba kubwa la tumbaku, aliyekuwa akiniposa tangu mke wake wa pili alipomkimbia. Kwa hiyo kwenye ile sahani kulikuwa na maisha yangu, na mwenzangu anayatafuna.

Injini nilizijua. Mama alifariki nikiwa mdogo, na baba hakujaliwa mtoto wa kiume, basi tangu nina miaka saba nilichuchumaa kando ya Pijo lile nikimpa spana kabla hajaomba. Nilipovunja ungo shangazi akahamia kwetu, nikawekwa ndani, na baba akawa anajitafutia spana mwenyewe huku akinung'unika. Miaka sita niliisikiliza injini ile kupitia ukutani, kama mtu anayemsikiliza mgonjwa wa chumba cha pili. Kuzungumza na Salmini haikufaa, na barua ndiyo kabisa. Shangazi alipekua kila kitu kilichotoka jikoni akitafuta karatasi. Kaimati aliziruhusu zipite.

Jioni ile Salmini alikaza bolti kuanzia ukingoni, kama mtu anayefunga vifungo vya kanzu, akawasha. Moshi mweupe ukajaa uani na maji yakavuja ubavuni mwa injini. Gasketi ilikuwa moja tu mji mzima, Fazal wa duka la vipuri aliitoa chini ya kaunta yake kwa kumwonea haya baba, na ni Mungu tu haikuungua nayo. Baba alisimama mlangoni, akauliza kwa upole kama kuna anayejua saa za treni.

Jumatano nikapika tena, safu zile zile, karafuu zile zile. Salmini alinyoosha mkono, ukaishia hewani. Akaitazama sahani. Akaitazama injini. Akaizungusha sahani kidogo, vikalingana. Kisha akamwambia shangazi kwamba ameshiba, na shangazi alinuna mpaka Magharibi, maana jana yake kijana huyo huyo alizimaliza zote kumi. Salmini akafungua bolti zote, akaanza upya kuzikaza moja moja, akihesabu karafuu kwa kidole.

Alhamisi Pijo likawaka. Nililia jikoni, nikasingizia vitunguu.

Ijumaa baada ya sala baba alikuja na wazee wawili wa msikitini kulitazama gari. Wakamsifu sana mwalimu. Mmoja alisema vijana wa namna hii ndio nchi inaowataka. Lililobaki ni Salmini kuinamisha kichwa, kunyamaza, na kwenda zake kuandaa posa.

"Samahani, mzee," akasema. "Mimi nilishika spana tu. Aliyelitengeneza yuko jikoni. Alikuwa ananielekeza kwa kaimati."

Nilitamani nimrushie mwiko. Kazi yangu yote ameiangusha kwa maneno mawili, mbele ya watu wa msikitini, na mimi nimo ndani yake. Shangazi Thuraya alikaa kwenye kigoda polepole.

"Kumbe mimi ndiye tarishi," akasema.

Na katika hasira ile ile nikajikuta nampenda. Mpaka siku hiyo nilimtaka Salmini kwa kuwa hakuwa Soud, basi.

Baba alimgeukia Salmini.

"Nilijua tangu Jumatano," akasema. "Ile ya kuanzia katikati nilimfundisha mtu mmoja tu. Nilikuwa nangoja useme." Kisha akageukia jikoni. "Saleha, njoo usikilize. Kuna valvu inagonga."

Nikajitanda vizuri, nikatoka. Wazee wakapata kitu cha kutazama ukutani. Injini ilipozimwa nikafungua kifuniko cha juu, nikaikagua, ilikuwa valvu ya tatu. Nikanyoosha mkono nyuma bila kugeuka, na Salmini akaniwekea spana isiyofaa. Nikamrudishia. Akaleta nyingine, nayo siyo. Mpaka leo, tukiwa na wajukuu kumi na mmoja, hajapata kunipa spana ninayoitaka kwa mara ya kwanza.

Nikageuka ili nichukue mwenyewe. Baba alikuwa amesimama nyuma yetu, spana yenyewe mkononi, na kwa jinsi alivyoibana nilijua ameishika tangu mwanzo. Hakunipa. Alimpa Salmini, na Salmini akanipa mimi.